Kijana Aliyeitikia Marahaba

Siku ya kuniaga mlininunulia keki yenye picha ya nesi aliyevaa kofia nyeupe, kofia ambayo mara ya mwisho niliivaa nikiwa chuoni, kisha mkaniomba niwaandikie mambo machache ya kazini. Basi nimekaa hapa kwa binti yangu, mtaa wa Jumeirah Village Circle, jirani wa juu anasogeza meza tangu asubuhi, nami nawaandikia. Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo changu cha mwisho kilinipa kiti kinachozunguka na maumivu ya mgongo, basi. Nitawaeleza habari za kuhesabu pumzi, za mwalimu wangu, na za kijana mmoja aliyekaribia kufa kwa sababu alikataa kuwa mkubwa kwangu.

Nilifika Dubai kutoka Korogwe nikiwa na cheti cha unesi, begi moja na saa ya kubandika kifuani. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sista Aleyamma, mama mfupi wa Kerala, India, ambaye alitembea wodini bila kusikika mpaka awe amefika nyuma yako. Alinipeleka kwa mgonjwa na kuniambia nihesabu pumzi zake. Nikafanya tulivyozoea, nikahesabu nusu dakika, nikazidisha mara mbili, nikamtajia jibu.

"Na hiyo nusu nyingine," akaniuliza, "amepumua nani?"

Tangu siku hiyo nahesabu dakika nzima. Nimehesabu pumzi za watu harusini. Nimehesabu za mchungaji akihubiri, na nikamshauri baadaye akapime moyo, akanuna. Nyinyi vijana mnaamini mashine, na mimi sina ugomvi na mashine, lakini mashine inabandikwa kidoleni na pumzi iko kifuani. Inua shuka uangalie.

Somo lake la pili lilikuwa la umri. Kuna wakati nilipita kitanda hadi kitanda nikaona karibu kila mgonjwa amezaliwa tarehe mosi Januari. Nikadhani nimegundua jambo. Aleyamma akanieleza bila kucheka kwamba ofisi nyingi za pasipoti, huko watokako watu, zikikosa tarehe huandika hiyo. Tena wako walioshusha miaka ili wapate kazi, na wako walioipandisha ili watoke nyumbani wakiwa bado watoto. "Hapa umri ni habari ya kusikia," akasema. "Uso unadanganya na nywele zinapakwa rangi. Angalia shingo."

Nilifanya kazi miaka mingi kwa masomo hayo mawili, mpaka ikaja korona.

Sitawachosha na yale mnayoyajua. Mnayakumbuka magauni ya plastiki, miwani inayojaa mvuke, na namna tulivyoandika majina yetu kifuani kwa kalamu ya wino mzito kwa sababu wote tulifanana. Ninachotaka mkumbuke ni alama. Hospitali ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko vitanda vya kuangaliwa kwa karibu, kwa hiyo kompyuta ikapewa kazi ya kukadiria nani yuko hatarini kufa. Unaingiza umri, unaingiza kama ana kisukari, presha, figo, unene, kiasi cha oksijeni, nayo inatoa alama. Mwenye alama nyingi anapelekwa ghorofa ya juu kwenye mashine za oksijeni ya kasi. Mwenye alama chache anapelekwa kwenye ukumbi mkubwa wa maonyesho uliogeuzwa wodi, ambako nesi mmoja anatazama vitanda mpaka macho yanaisha.

Hesabu ile haikuwa mbaya. Vihatarishi vyenyewe vilikuwa vya kweli, kila mtu aliyefanya kazi siku zile aliviona kwa macho yake. Tatizo ni kwamba kwetu hakuna mgonjwa aliyekubali kuwa nacho hata kimoja.

Madam mmoja wa jumba la Jumeirah alijipunguzia miaka mbele ya binti yake, mpaka binti akabaki anajiuliza yeye atakuwa na mingapi. Mpishi mmoja sukari yake ilipanda hadi kipimo kikashindwa kuisoma, naye akashikilia kwamba alikula tende mbili tu. Dereva mmoja alitikisa kichwa kukana presha huku mkewe, kwenye simu niliyoishika mimi, akisoma majina ya dawa zake moja baada ya nyingine. Kila mmoja aliogopa mtu fulani. Huyu anaogopa kafeel, mdhamini wake wa kazi, atamfutia kibali, yule anaogopa mashoga zake. Wodi yangu ikajaa vijana wasio na ugonjwa wowote, na wote wanashindwa kupumua.

Daktari wetu alikuwa Daktari Menon, mrefu, mwenye usingizi wa kudumu. Alisimama asubuhi moja mbele ya kompyuta akasoma majina yote mpaka chini. "Sista Hilda," akaniambia, "kwa maelezo haya, humu ndani hakuna mtu anayestahili kufa." Kisha akaenda kwa mgonjwa aliyekuwa akifa.

Hapo ndipo alipoletwa Bakari.

Alitoka karakana ya magari kule Ras Al Khor. Alikuwa fundi wa giaboksi, na wenzake waliita gari la wagonjwa baada ya kumkuta amekaa chini ya gari muda mrefu bila kufungua chochote. Kitambulisho kilisema miaka arobaini na minne. Magonjwa: hana. Nyumbani: Muheza. Nikafurahi, maana kutoka Muheza hadi Korogwe ni kama kwenda dukani, na siku zile kumpata mtu wa kwenu wodini ilikuwa kama kupewa chai.

Nikasimama kando ya kitanda nikamwambia kwa Kiswahili, "Karibu, mimi ni wa Korogwe." Macho yakamtoka. Kisha tukanyamaza wote wawili. Nyinyi mnaotoka kwetu mnakijua kimya kile. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na minane na yeye arobaini na minne, kwa hiyo nilikuwa nangoja shikamoo yangu. Yeye naye akanitazama usoni kwa utulivu kabisa, kama mtu anayengoja ya kwake. Tukangojana. Mwishowe akageukia dirishani akasema, "Shikamoo, mama," kwa sauti ya mtu anayelipa faini.

"Marahaba," nikajibu, na uso ukaniwaka moto ndani ya barakoa. Mdomo wangu uliona aibu kabla mimi sijajua kwa nini.

Nikaangalia shingo. Alikuwa amejifunga taulo. Nikaangalia mikono, lakini mikono ya fundi gia haina umri, imepigwa grisi na chuma mpaka haisemi kitu. Kipima oksijeni cha kidoleni kikaonyesha namba ya kutisha, naye huku anapiga soga na kuniuliza kama kwetu bado kuna machungwa. Ugonjwa ule ulikuwa na ujanja huo, oksijeni inashuka na mtu mwenyewe hahisi. Nikahesabu pumzi dakika nzima. Zilikuwa za haraka mno kwa mtu anayeongea habari za machungwa.

Tukaingiza maelezo yake. Namba ile ya oksijeni ikampa alama zake, lakini umri haukuongeza kitu, magonjwa hayakuongeza kitu. Jibu likaja: ahamishiwe ukumbini kesho asubuhi.

"Inshallah huko nitapona upesi nirudi kazini," akasema Bakari, amefurahi kweli.

Mimi niliogopa. Nilikwisha kuwaona watu wa namna ile, wanaotembea wenyewe kwenda chooni na kuokotwa huko. Ghorofa ya juu angekuwa na mtu wa kumtazama muda wote. Ukumbini angekuwa kijana mmoja kati ya vijana wengi.

Nikaanza kumvizia kwa maswali. Nikamwuliza, kama mtu anayepiga porojo tu, alikuwa wapi wakati wa vita vya Kagera. "Tumboni mwa mama," akajibu bila kusita. Alikuwa na haraka hivyo ya kuwa kijana, maana hata kwa kitambulisho chake vita vile vilimkuta anatembea. Nikamwuliza kuhusu kisukari. Akasema kwao hakuna ugonjwa huo, kuna uchovu wa kawaida tu.

Jioni nikamshikia simu ya wodi yenye kioo kikubwa aongee na nduguye, Rashidi, anayefanya kazi Hatta, bwawani, kuwavisha watalii majaketi ya kuelea. Rashidi akatokea kwenye kioo. Alikuwa na pua ya Bakari na paji la uso la Bakari, na ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi.

"Shika..." akaanza Rashidi, kisha akakohoa kikohozi cha uongo. "Habari, kaka."

"Nzuri, mdogo wangu. Usije huku, wananihamisha, niko vizuri."

Simu ilipokatika nikamwuliza, "Huyu ndiye mdogo wako?"

"Wa mwisho."

"Amechakaa."

"Hatta kuna jua," akasema Bakari, akafumba macho.

Asubuhi nilimkuta amezidiwa. Midomo imebadilika rangi, soga zimekwisha, ameegemea mto na kichwa kimeinama. Wahudumu wa kumhamisha walikuwa njiani na kitanda chao cha magurudumu. Sikuwa nimepanga nilichofanya. Nilimsogelea, nikapinda magoti kidogo kama nilivyofundishwa na mama yangu, nikasema taratibu, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa sauti nzito, tulivu, ya mtu aliyeitikia hivyo nusu ya maisha yake. "Umeamkaje?"

Kisha akafumbua macho. Tukatazamana.

"Nilikuwa naota," akasema.

"Na huko ndotoni una miaka mingapi?"

Akapeleka mkono shingoni. Taulo lilikuwa limeteleza na shingo nikaiona, shingo ya babu kabisa.

"Sista, khalas, yatosha," akanong'ona. "Arbab wangu, mwenye karakana, akijua nimevuka sitini, kibali hakitoki tena, narudishwa Muheza nikakae barazani. Kule nitakuwa mzee. Hapa mimi ni fundi. Nikifa, acha nife na arobaini na minne yangu."

Nilikasirika jamani. Nilikasirika mpaka miwani ikajaa mvuke nikawa simwoni. Nimeona watu wakifa kwa figo, kwa moyo, kwa mapafu yaliyokataa, na sasa nina mtu anayetaka kufa kwa ujana. Nikawaambia wahudumu wangoje, nikamfuata Daktari Menon.

Nilimweleza kwamba kwetu kuna salamu ambayo mdogo humpa mkubwa, na kuna jibu ambalo mkubwa tu ndiye hulitoa, na kwamba mtu wa miaka arobaini na minne hawezi kumwitikia nesi wa hamsini na minane jibu hilo, hata akiwa na homa. Tena akiwa na homa ndiyo kabisa. Daktari alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Nakuamini," akasema. "Nilimwona jana nikajua si kijana. Sasa hiyo salamu niiandike wapi?"

Tukatafuta kwenye kompyuta. Kulikuwa na mahali pa kuandika kimo cha mgonjwa na mahali pa kuandika kama anafuga ndege. Mahali pa marahaba hapakuwepo. Akampigia simu madam aliyekuwa akigawa vitanda vya juu, mama mwenye kazi ngumu kuliko sisi sote, naye akasema umri ni ule wa kwenye kitambulisho.

"Nesi wake amemsalimia," akasema Daktari Menon.

"Amemsalimia?"

"Salamu ya wakubwa. Akaitikia."

"Daktari," akauliza yule madam kwa upole, "mara ya mwisho umelala lini?" Kisha akasema kama kuna ndugu wa damu atakayethibitisha umri mwingine, apigiwe tena, lakini upesi, kwa sababu kitanda kilichobaki kilikuwa kimoja.

Nilikuwa natafuta namba ya Rashidi wakati simu ya wodi ilipoita. Alikuwa Wanjala, mlinzi wa lango, Mkenya wa Bungoma. "Sista Hilda, kuna jamaa huku gate, ati ni brother ya patient wako Bakari. Ametoka Hatta. Nimemshow visitors hawaruhusiwi, amekataa kutoka. Na analia vibaya, Sista. Mtu halii hivi juu ya brother."

"Mpe simu."

Nikamsikia akipumua. Nikasema, "Rashidi, mimi ni nesi. Nesi wa nani?"

"Wa kaka yangu."

"Kaka yako anapelekwa ukumbini sasa hivi kwa sababu ni kijana na hana ugonjwa. Wazee ndio wanaopandishwa kwenye mashine. Akienda ukumbini sidhani kama atarudi. Nakuuliza tena, Rashidi. Mimi ni nesi wa nani?"

Alilia kwanza. Nilimwacha, ingawa wahudumu walikuwa mlangoni wananitazama.

"Wa baba," akasema. "Ni baba yangu mzazi, Sista. Ana sitini na tatu. Tulikubaliana niwe mdogo wake nilipokuja Dubai, mimi nina thelathini na saba na pasipoti yangu ni ya kweli, kwa miaka ya pasipoti yake haikutosha niwe mwanawe. Na sukari anayo. Dawa anazificha kwenye kopo la grisi, ili mtu asilifungue."

Daktari Menon akapiga simu juu. Nilisimama karibu nikasikia yote.

"Ana mtoto wa miaka thelathini na saba," akasema.

"Mgonjwa wa arobaini na minne?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alimpata akiwa na miaka saba."

"Hivyo ndivyo kompyuta inavyosema, madam. Naomba kitanda, au naomba mtaalamu wa uzazi."

Tukapewa kitanda. Wahudumu wakageuza magurudumu kuelekea lifti, nami nikatembea kando nimeshika mtungi wa oksijeni. Bakari akanivuta gauni na kuniambia kupitia barakoa, pumzi moja kwa kila neno, "Sista. Umenizeesha."

Huko juu alilazwa kifudifudi kwa zamu, akapewa oksijeni ya kasi, na sukari yake ikashughulikiwa sasa kwa kuwa ilikuwa na ruhusa ya kuwepo. Zilikuwepo siku ambazo sikutaka kupanda kumwona kwa kuogopa nitakuta shuka jipya. Nilipanda hivyo hivyo. Kila nilipofika nilimhesabia dakika nzima, na ilichukua muda mrefu sana mpaka hesabu ile ikaanza kunipendeza.

Mkiniuliza basi ni kipi kihatarishi kikubwa, nitawatajia umri na sukari kama kila mtu, kisha nitaongeza kimoja: mgonjwa anamwogopa nani. Mwulizeni hivyo, kwa lugha yake, mkiwa mmekaa. Mengine yote yamejificha nyuma ya huyo.

Siku ya kuruhusiwa nilimshusha mwenyewe kwa kiti cha magurudumu. Ndani ya lifti akaniinulia kidole. "Huko nje Rashidi ni mdogo wangu," akanikumbusha. "Arbab atakuwepo."

Alikuwepo kweli, mzee wa Kiarabu mwenye kanzu nyeupe na bakora, mwenye ile karakana ya Ras Al Khor, amesimama kivulini pamoja na Rashidi na Wanjala. Bakari alipomwona akaniambia nisimamishe kiti. Akainuka mwenyewe, akanyoosha mgongo, akajaribu kutembea kama mtu wa arobaini na minne. Alifika hatua chache akarudi kukaa.

Arbab mama yake alilelewa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. "Bakari," akasema, "huyu mwanao kanililia kwenye simu tangu ulipougua. Mkanye, kanichosha masikio."

"Mdogo wangu, arbab," akasema Bakari.

"Bakari. Mimi na wewe tulianza ile gereji ikiwa bati tupu, na ndevu ulikuwa nazo. Kwa pasipoti yako ya sasa, siku ile ulikuwa mtoto wa darasa la tano. Ulidhani mimi niliajiri mtoto wa skuli anifungulie injini?"

Bakari akanitazama mimi, kisha Rashidi, kisha Wanjala, ambaye aliangalia viatu vyake.

"Ulijua?"

"Ras Al Khor nzima yajua. Mimi mwenyewe tarehe yangu waliiandika kwa kunitazama meno, tutasemana nini? Wewe ulipenda ujana, nikakuachia. Yalla, twendeni, gari linaungua jua."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kumpiga mtu kwa ile bakora. Mwanamume huyu alikuwa ameshika mlango wa kaburi kwa mikono yake miwili akimficha siri mtu aliyekuwa nayo tangu mwanzo. Nilisimama nyuma ya kiti nimeshika mipini.

Rashidi ndiye aliyesogea. Akaja mbele ya kiti, mbele ya arbab na madereva wa teksi na kila aliyekuwa akipita, akainama. "Shikamoo, baba," akasema, yote, bila kuikata katikati.

Bakari alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta pa kutokea. Kwa mazoea nikaanza kuhesabu pumzi zake.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Ile shikamoo aliyonipa siku ya kwanza ilikuwa bado inaniwasha, kwa hiyo nikazunguka nikasimama mbele yake, nikapinda magoti, nikamrudishia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akaniambia, na safari hii hakusema alikuwa anaota.